Nilivyofanikiwa kuotesha silia maabara

Mradi wangu wa uzamili kule Ujerumani ulihitaji seli zenye silia, yaani vijinywele vinavyopiga na kusukuma vitu juu ya seli, tena nyingi. Seli nilizokwangua puani mwa watu waliojitolea zilipenda zaidi kutoa kamasi. Kamasi naijua tangu utotoni. Sikuvuka bahari kwa ajili yake.

Ulezi wenyewe ni wa kawaida. Seli zinakaa juu ya utando wenye vitundu. Zikishajaa unaondoa maji ya lishe upande wa juu zipate hewa, chini zinaendelea kula. Kukomaa ni wiki tatu hadi nne.

Kilichonifungua ni kuisoma upya Notch, protini ya kupokea habari iliyo juu ya seli. Seli jirani hupashana habari kwa kugusana. Moja inatoa protini ya DLL1, ya pembeni inaipokea kwa Notch. Kimeng'enya cha gama-sekretesi kinakata Notch, kipande kinaingia kwenye kiini, na seli hiyo inapigwa marufuku kuota silia.

Mwilini marufuku hiyo hulegezwa na miR-449, mikroRNA, yaani kiuzi cha RNA chenye herufi 22 hivi, kilichojificha ndani ya jeni ya CDC20B. Mwaka 2011 watafiti nchini Ufaransa walionyesha, kwa seli za njia ya hewa za binadamu na kwa viinitete vya chura Xenopus, kwamba kinakandamiza DLL1 na Notch1. Ukikizuia, silia haziji. Mwaka 2014 ikaonekana kwa panya waliokosa familia nzima ya miR-34 na miR-449 kwamba CP110, protini inayofunika sentrioli (kijisehemu ambacho silia huota juu yake), inabaki nyingi kupita kiasi, na silia zinashindwa kuchipua ipasavyo. Kwa hiyo kiuzi kilekile kinafanya kazi mbili: kinaruhusu seli ichague njia, halafu kinasaidia ujenzi. Mimi hapo ndipo nilipoipenda biolojia hii.

Kuingiza mikroRNA kwenye seli za pua ni kazi ya kuchosha, nikapita njia ya mkato: DAPT, kemikali inayozuia gama-sekretesi. Niliianza siku ileile ya kuondoa maji ya juu. Vyombo vya kulinganishia vilipata DMSO tu, ile inayoyeyushia DAPT, maana bila hivyo hujui nani kafanya nini.

Nikapaka kingamwili inayoshika tubulini yenye asetili, protini iliyojaa kwenye silia, ili zionekane. Chombo cha DMSO kilikuwa na mabaka ya silia hapa na pale. Cha DAPT kilijaa karibu chote. Kabla ya kupaka, kwenye hadubini, vumbi lililoangukia juu lilikuwa likisukumwa upande mmoja bila mtu kugusa chombo. Seli moja inaweza kubeba silia 200 au zaidi, na zote zinapiga. PCR, kipimo cha wingi wa RNA, nayo ilionyesha miR-449 ikipanda kadiri seli zilivyokomaa, hata kwenye chombo cha DMSO.

Ila ukitaka kuchunguza jinsi kamasi inavyosafirishwa, usitumie DAPT: seli za kamasi zinapungua mno. Kwa maswali hayo nilibaki na vyombo vya DMSO, mabaka yake na yote.