Siku moja maishani mwangu: tapu iliyokatikia ndani

Mtu akisikia "fundi wa karakana" huwaza mikono myeusi na kelele za nyundo. Hajui kwamba saa nyingi za siku yangu zinaishia kwenye vishimo ambavyo hata kidole kidogo hakipiti. Kazi yangu ni nyuzi za bolti na nati: zilizokufa, zilizoliwa na kutu, na zile ambazo mwenye kifaa alijaribu kuzikata mwenyewe. Hii ni siku yangu ya jana.

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua, nafagia, nafuta jiliwa. Kisha nakunjua kitambaa cha mafuta chenye tapu zangu, vile vyuma vya kukatia nyuzi ndani ya shimo, na kujaribu makali kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Isiyochuna ukucha hata kidogo nayo haitachuna chuma, naiweka kando.

Saa 2:00 hadi saa 4:00. Bolti sita za M10, yaani zenye unene wa milimita kumi, zilikuwa na kutu; nimezipitishia dai, chombo cha kukatia nyuzi za nje, zikasafika. Mashimo manne mapya ya M6 kwenye bamba la chuma. Kijana wangu ameshika kopo la mafuta, mimi nazungusha. Imekwisha.

Saa 4:20. Anaingia mzee mmoja na bodi la pampu la alumini kifuani kama mtoto mgonjwa. Namwamkia, anaitikia huku ameshaliweka mezani.

"Fundi, kuna kipande kimebaki humo. Ni dakika tano tu."

Nimeinamisha taa. Tapu ya M8 imekatika milimita tatu chini ya uso, tena kwenye shimo lisilotokea upande wa pili. Hakuna kazi ninayoiogopa kama hiyo. Tapu ni ngumu karibu sawa na biti ya kawaida ya drili, ukijaribu kuitoboa biti inateleza na kuanza kula alumini iliyo pembeni.

"Mzee wangu, ulitoboa kwa biti gani?"

"Sita na nusu. Ndiyo iliyokuwepo."

M8 ya kawaida ina hatua, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ya milimita 1.25. Nane ukitoa hiyo unabaki na 6.75, ndiyo maana sisi tunatumia biti ya 6.8. Hiyo 6.5 inaonekana tofauti ndogo, lakini inaongezea tapu alumini ya kukata na mkono unalazimika kukaza. Hakutia mafuta. Hakurudisha nyuma. Alumini inanata, chenga zikajaa kwenye mifereji ya tapu mpaka ikashindwa kupumua.

Akatoa mfukoni nusu iliyobaki mkononi mwake. Nimeipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kwenye shina hakuna alama ya HSS, ile ya chuma bora cha vyombo vya kukatia, wala alama yoyote. Ncha za meno zimechanikachanika hata mahali ambapo hazikugusa kazi. Ilitoka kwenye sanduku la vipande arobaini, akaniambia kwa fahari, na vingi havijawahi kuguswa.

Nilianza na sindano, nikichokoa chenga mojamoja. Nikaingiza kitoleo cha vidole vinne kwenye mifereji, nikatikisa huku na huku, nywele kwa nywele. Kidole kimoja kikapinda. Nikakinyoosha, nikarudia, vikapinda viwili. Kila baada ya muda mzee anauliza, "Bado?" Mgongo unawaka. Wateja wawili wamechungulia, kijana amewaambia warudi baadaye.

Mchana umepita bila mimi kuuona. Nimeacha kitoleo, nimechukua panchi nyembamba. Chuma cha kaboni kilichokomazwa hupasuka kama kioo, na kwa mara moja ubovu wa tapu ile ukanisaidia. Pigo dogo, kibanzi kinatoka kwa kibanio. Pigo jingine. Vibanzi kumi na saba, kijana alivihesabu kwenye kifuniko.

Nilipokaa kupumzisha mikono, mzee naye akakaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nakata nyuzi mara mbili tatu kwa mwaka, fundi. Ningenunua vya bei kubwa vya nini?"

Swali hilo nalisikia kila mara, na jibu langu halijabadilika. Mimi ninayekata kila siku mkono wangu unasikia tapu inapoanza kulia, naacha. Yeye wa mara tatu kwa mwaka hana mkono huo, kwa hiyo anahitaji chombo kizuri kuliko mimi. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: M6 na biti ya 5, M8 na 6.8, M10 na 8.5. Zote HSS. Kila saizi achukue ya kuanzia, iliyochongoka taratibu, na ya kumalizia inayofika chini ya shimo. Kishikio kimoja kinachobana bila kucheza. Dai asubiri mpaka azihitaji, maana bolti iliyokufa unaweza kununua mpya, bodi la pampu huwezi. Saizi nyingine anunue siku kazi ikija.

Shimo lenyewe lilikuwa limechubuka. Nimelipanua, nikakata kwa tapu yake maalumu, nikaingiza springi ya uzi, ule waya wa chuma kisichoshika kutu unaokaa ndani na kuwa nyuzi mpya. Wakati wa kukata ni mafuta ya taa, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele. Hapo mtu asiniongeleshe.

Giza lilikuwa limeingia. Nikampa bolti mpya ya M8 aiweke mwenyewe. Aliizungusha kwa vidole viwili hadi ikagota chini, akaitoa, akaizungusha tena.