Leso ya Mama Ndani ya Kioo

Tangu Jumatatu nina hadithi fupi mbili kichwani. Moja ni “Everyday Use” ya Alice Walker, Mmarekani mweusi, ya mwaka 1973. Nyingine ni “Two Kinds” ya Amy Tan, aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kichina, iliyomo katika kitabu chake cha 1989. Zote ni za mama na binti, na zote zimenigusa penye kidonda.

Ya Walker niliisoma zamani nikawa upande wa mama tangu mwanzo. Bintiye Dee arudi nyumbani na jina jipya, Wangero, ambalo sikioni mwetu Wakenya ni kama jina la Kikikuyu lililokosewa herufi. Ameandamana na mwanamume anayeamkia “Asalamalakim”, na mama yule, katika kusimulia, amwita mgeni kwa salamu hiyo kana kwamba ndilo jina lake. Hapo nilisita. Salamu tunayoitikia milangoni Mombasa alfajiri hadi usiku, kwa wale wawili ni vazi jipya la kuonyesha.

Dee ataka mablanketi yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo za wazee. Kipande kimoja cha buluu, hakizidi kiberiti, kimetoka kwenye sare ya babu yao mkuu aliyoivaa vitani. Yeye angeyatundika. Maggie, mdogo wake mwenye makovu ya moto, angeyatumia kila siku. Mama ayanyakua, ampa Maggie.

Kwa Tan, mama aliyepoteza kila kitu China, wakiwemo watoto pacha, asafisha nyumba ya mwalimu ili bintiye Jing-mei afundishwe piano. Mtoto akataa, na katika ugomvi amtupia maneno kuhusu wale pacha. Mama arudi kinyumenyume, kimya.

Tofauti iliyonishika ni mwenye kusimulia. Kwa Walker, mama ndiye mwenye kinywa. Dee twamwona kwa macho ya mamake tu. Kwa Tan, binti asimulia mwenyewe, na aibu yake twaijua kwa ndani. Kwangu hii ya pili ina huruma zaidi. Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyonikamata, maana mimi ni Dee.

Ukutani kwangu kuna leso ya mamangu, nyekundu na nyeusi, ndani ya fremu ya kioo. Niliitoa sandukuni mwake miaka mitatu iliyopita. Mwenzake wa doti aliichukua dadangu. Hujifunga akipika, humbebea mtoto, na pembeni imetobolewa na cheche za jiko. Nilimkemea kwamba anaharibu kumbukumbu ya mama. Ni karibu maneno yaleyale ya Dee, na niliyasema kwa sauti, mbele ya mama.

Leo asubuhi nimeitazama ile fremu vizuri. Pindo laonekana pande tatu. Fundi aliikunja kwa chini ili ienee kwenye kioo, na mkunjo umemeza jina, ule msemo ulioandikwa kwenye leso. Leso bila jina! Miaka mitatu napita hapo na chai mkononi, sijaona.

Nikampigia mama, nikamuuliza iliandikwa nini.

“Wema hauozi,” akajibu papo hapo. Kisha hakunyamaza. Aliinunua Biashara Street siku ya mvua, baba akimngoja nje, muuzaji akimfunulia doti baada ya doti. Rangi hakuijali, alikuwa akitafuta neno. Alikuwa na mimba yangu ya miezi saba.

Sikuwa nikijua hata moja katika hayo. Jing-mei, mama yake keshakufa, akaa kwenye piano ile na kugundua kwamba kipande alichokicheza utotoni ni nusu tu ya wimbo, na nusu ya pili ilikuwa ukurasa wa kando siku zote. Wangu alikuwa simuni, nasikia pumzi zake, na nyuma yake dadangu akimwita mtoto aje ale.

Nimeazima koleo kwa jirani. Misumari minne imetoka, miwili imeshika kutu.