Jinsi nilivyomrudishia mama baraza yake

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Arusha na shule kufungwa siku iliyofuata, tulimwomba mama, mwenye presha na sukari, asitoke wala asipokee wageni. Huku Tanga serikali haikutufungia, tulijifungia wenyewe.

Wiki ya pili mama akaanza kunyong'onyea. Chai inapoa mbele yake, haulizii habari za mtu. Nikadhani anaumwa, kumbe anakosa baraza: mashoga zake watatu wa Ngamiani, aliozoea kukaa nao kila alasiri.

Wote wana simu za kitochi, kwa hiyo video haikuwezekana. Nikawapigia mmoja mmoja nikiwaunganisha kwenye simu yangu, nikaweka spika, nikaiegemeza kwenye birika. Siku ya kwanza walizungumza wote kwa pamoja, hakuna aliyesikika. Tukakubaliana: anayetaka kusema ataje jina lake kwanza. Hapo ikakaa sawa. Wakajuliana hali, wakaombeana dua, wakabishana mchuzi wa samaki unataka tui kiasi gani.

Siku ya nne, saa kumi kasoro, nilimkuta mama amejifunga kanga mpya, wanja machoni, yuko mkekani anaisubiri simu.