Tangi tupu ndilo la kuogopwa

Jana hapa Masese, Jinja, bandani kwetu tunakotengeneza boti, nusura tuzike mtu. Mvuvi alituletea boti ya faibaglasi, tangi lake linavuja. Tukalitoa, tukamwaga petroli iliyobaki, tukaona hatari imekwisha. Kijana wetu akaingia botini na grinda, ile mashine ya kukatia, kukata kipande kilichooza. Cheche ya kwanza tu, bum! Ameungua mikono yote miwili. Mungu ni mwema, leo anaongea.

Jamani, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukaenda zake. Unashuka na kulala chini ya sakafu ya boti, upepo wa ziwa usikofika, na cheche moja inautosha. Tangi tupu ndilo baya zaidi, maana ndani limebaki mvuke uliochanganyika na hewa.

Miaka 11 niko kwenye kazi hii na sikuwahi kumkalisha yule kijana nikamweleza. Linaniuma sana. Leo tumeng'oa mbao zote za sakafu, asetoni, dawa ya kusafishia inayoshika moto upesi, nimeitoa bandani, na grinda nimeifungia. Jioni nakwenda kumwona hospitalini pamoja na mama yake.