Ubao wa Sataranji Ndani ya Kompyuta: Kasi Hupatikana Wapi?

Vijana wa hapa Mbeya wanaojifunza kuandika programu za sataranji huniuliza mara kwa mara kama ni lazima waache safu ya miraba 64 (orodha yenye nafasi moja kwa kila mraba) na kuhamia bitibodi (ubao unaohifadhiwa kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1). Nionavyo, wengi wanaitazamia faida mahali ambapo ni ndogo.

Safu ya kawaida ina udhaifu unaojulikana: njia ya ngome hukaguliwa mraba baada ya mraba, na kila mara sharti tuhakikishe kwamba hatujatoka nje ya ubao. Mbinu ya 0x88 hulimaliza tatizo hilo la mipaka kwa kuupa ubao nafasi 128 badala ya 64, kiasi kwamba jaribio moja la biti hutosha kumtambua aliyevuka ukingo. Anayeanza asiidharau.

Bitibodi ni namba ya biti 64, kila biti ikisimamia mraba mmoja. Wazo hili si geni, kwani Wasovieti walioandika Kaissa, bingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji ya kompyuta mwaka 1974, walikuwa nalo. Uzuri wake huonekana zaidi katika kutathmini mchezo: ukitaka kujua miraba yote inayoshambuliwa na askari weupe, huwapitii mmoja mmoja, bali unazisogeza biti zao zote kwa nafasi 7, kisha kwa 9, huku ukifuta zilizoangukia ukingo wa pili.

Ngome na maaskofu ndio wenye gharama. Njia iliyoenea ni kuzidisha biti za vizuizi kwa namba maalumu ili kupata anwani katika jedwali, na jedwali la ngome peke yake hufikia takriban kilobaiti 800, ambazo hazienei katika kache ya kwanza ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo iliyo ya haraka zaidi). Amri ya prosesa iitwayo PEXT, inayokusanya pamoja biti zilizochaguliwa, huondoa kuzidisha huko, lakini Intel waliileta mwaka 2013, na kompyuta kuukuu za vijana wetu nyingine ni za kabla ya hapo. Prosesa za AMD zilizotangulia kizazi cha Zen 3 nazo huitekeleza polepole mno.

Kabla ya kupima kasi, hakikisheni kwamba kutoka mwanzo wa mchezo, kwa kina cha 5 (hatua tano, za weupe na weusi kwa zamu), programu inahesabu njia 4,865,609 kamili. Baada ya hapo mimi huyashindanisha matoleo mawili ya programu kwa muda sawa, maana alfa-beta, mbinu ya kutafuta hatua bora kwa kuyaacha matawi yasiyoweza kubadili uamuzi, mara nyingi hukata tawi baada ya hatua moja au mbili, na hatua nyingine zote zilizozalishwa kwa kasi hubaki bila kuguswa.