Daftari la nahodha ndani ya laptopu yangu

Marehemu baba alikuwa nahodha. Alituachia nyumba hii ya mtaa wa Langoni, Lamu, kasha la msaji, na ndani ya kasha madaftari tisa ya shule ambayo kwa miaka hakuna aliyeyagusa. Tulipolifungua kasha kutafuta hati ya kiwanja, mchwa walikuwa washaanza na daftari la tano. Walikuwa wameingia kwa pembeni na kula katikati, hivyo ukifungua unaona mwanzo wa safari na mwisho wake, na baina yake tundu. Nililia siku ile. Mama aliniambia nisilie, nifanye kitu.

Kitu nilichofanya ni kuanza kuyanakili, kurasa baada ya kurasa, ndani ya shajara yangu mwenyewe ninayoiandika kwenye laptopu. Watu kadhaa wameniuliza natumia nini na kwa nini nasumbuka hivyo, basi leo naeleza kwa kituo.

Nilianza kuandika shajara ya kompyuta nikiwa bado nafanya kazi kwenye saiba ya mtu, nachapisha barua na kujazia watu fomu. Sikuwa na programu yoyote ya maana. Nilikuwa na Notepad tu, ile inayokuja na Windows, na jambo moja ambalo wengi hawalijui mpaka leo: fungua faili jipya, mstari wa kwanza kabisa andika .LOG, kwa kitone na herufi kubwa, kisha hifadhi. Kila ukilifungua tena faili lile, Notepad inakutilia tarehe na saa chini ya yote uliyokwisha kuandika, nawe unaendelea kutoka hapo. Ukitaka saa katikati ya maandishi unabonyeza F5. Basi. Nilikaa na faili moja la namna ile karibu miaka mitatu, na bado ninalo, na bado linafunguka kwenye kompyuta yoyote unayoijua. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu akitaka kuanza leo usiku hahitaji kununua wala kupakua chochote.

Kisha nikafungua blogu. Ilikuwa mwaka 2010, na nilikuwa na hamu ya kusomwa. Niliandika moja kwa moja kwenye tovuti ya watu, ndani ya kile kisanduku chao, nikabonyeza kitufe, nikazima. Sikuweka nakala. Niliandika juu ya maulidi, juu ya punda, juu ya bei ya samaki, juu ya nyanya yangu alivyokuwa akisuka mikeka. Miaka sita baadaye kampuni ile ilifunga huduma yake. Walituma onyo, lakini kwa anwani ya barua pepe niliyokwisha kuiacha. Nilipokwenda kutazama nikakuta ukurasa mweupe. Nilirudi kwenye hazina ya Internet Archive, ile inayohifadhi kurasa za zamani za intaneti, nikapata kurasa kumi na moja, nyingi bila picha. Makala ya nyanya haikuwamo. Nyanya naye alikuwa ameshafariki, na mengi aliyoniambia juu ya kuchagua ukindu na kuupaka rangi nilikuwa nimeyaandika pale tu.

Mchwa na kampuni wamenifanyia kitu kimoja, na tangu hapo nina sharti: maandishi yangu yakae kwangu kwanza, katika umbo ambalo halimtegemei mtu. Ndipo nikahamia RedNotebook.

Ni programu ya bure, ya Linux na Windows. Upande wa kushoto kuna kalenda, katikati kuna nafasi ya kuandikia ya siku ile uliyoibonyeza. Nilichokipenda zaidi huwezi kukiona kwenye kioo. Fungua folda yake utakuta kila mwezi una faili lake la maandishi matupu, lenye jina la mwaka na mwezi, 2023-04.txt, 2023-05.txt, hivyo hivyo. Hata programu yenyewe ikifa kesho, nitayafungua kwa Notepad na kuyasoma. Na kalenda ile inarudi nyuma. Nikitaka mwaka 1984 nakwenda 1984, naandika safari ya baba katika siku yake, na kompyuta inaunda faili la mwezi ule kana kwamba mimi nilikuwapo naandika.

Nilikopi pia namna yake. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila siku alianza na pepo, kisha maji, kisha shehena, kisha watu. RedNotebook ina violezo, yaani unatengeneza mifupa ya maandishi mara moja na kuiita unapotaka. Changu kina mistari minne: Pepo. Maji. Kazi. Nani kaja. Nikikaa jioni sina la kusema, najaza hiyo minne, na mara nyingi ule wa nne unafungua mengine. Siku nyingine haufungui kitu, naandika "Kusi. Bamvua. Fomu kumi na mbili. Hakuja mtu," nafunga laptopu, nalala.

Nyumba zetu za mawe hapa Amu, yaani Lamu, zimejengwa kwa daraja. Mgeni anaishia dakani, kwenye yale mabaraza ya mlangoni. Aliye karibu zaidi ataingia kiwandani, yaani uani. Msana, kile chumba kirefu kinachofuata ua, una watu wake, na ndani kabisa, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, si kila jamaa hufika. Nilikulia humo na sikuona ajabu yoyote, mpaka nilipofanya kosa. Mwaka 2013 palikuwa na neno baina ya mama na shangazi yangu juu ya urithi. Nikaliandika kwenye blogu usiku, kwa hasira, bila majina, nikidhani kutotaja majina kunatosha. Mji wetu huu! Kufika alasiri shangazi ameshasomewa na mjukuu wake. Alikuja akakaa dakani, hakuingia, akaniambia, "Mwanangu, mimi umenitoa nje." Niliifuta makala, lakini yeye hakuingia nyumba ile kwa mwaka mzima, na mimi sikuacha kuikumbuka sauti yake.

Kwa hiyo sasa kila kitu kinaanzia ndani. Naandika kwenye shajara nilivyo, kwa uchungu au kwa furaha, na mwisho wa maandishi naweka alama. RedNotebook inakubali neno lenye alama ya reli mbele yake kuwa lebo, basi mimi ninazo #ndani na #daka. Kwa kawaida kila kitu kinapata #ndani. Siku tatu zikipita narudi kusoma, na kile ambacho ningeweza kumsomea shangazi uso kwa uso kinapata #daka. Mwisho wa wiki natafuta lebo hiyo, siku zote zilizo nayo zinajipanga, nachukua, nasafisha, natia kwenye blogu yangu ya sasa. Bando nanunua wakati huo tu. Kuandika hakuhitaji intaneti, na huku kwetu hilo ni jambo kubwa. Stima ikipotea mji mzima bado nina saa mbili za betri.

Sasa kuyanakili madaftari. Baba aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, yaani madrasa, na alikuwa haweki irabu zote akiwa na haraka. Mimi nasoma Kurani tangu mdogo, nikadhani itakuwa rahisi. Haikuwa. Kwa mkono wa baba, herufi ba ilifanya kazi ya b, na ya p, na ya mb. Nilikaa jioni nzima na mstari mmoja: "korija sita za" kisha neno lenye ba, alifu, wau. Bao? Mbao? Pao? Nililikuza kwenye kioo mpaka wino ukawa vipande. Nikampelekea maalim mmoja mzee wa mtaa wa Mkomani, hakutazama hata neno lenyewe. Alitazama lile la kabla yake. "Korija," akasema, "ni miti ishirini. Mbao hazihesabiwi kwa korija. Hizi ni pao." Akaniambia na daraja za mikoko zilivyo, fito ndizo nyembamba, kisha pao, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Pao mia na ishirini, basi, zilipakiwa siku ile. Nimeandika neno lenyewe kwa herufi zake za Kiarabu, faili linazikubali bila taabu, na chini yake usomaji wa maalim. Mtu akija baadaye akaona tumekosea, aone pia tulichokitazama.

Programu hii ina upungufu, na haifai nikaficha. Haina kufuli. Anayeshika kompyuta yako atasoma yote, kwa sababu ni maandishi matupu, na sifa ile ile niliyoisifia ndiyo inayokuweka wazi. Mimi folda yangu nimeitia ndani ya VeraCrypt, ambayo inatengeneza kama kasha ndani ya kompyuta lisilofunguka bila neno la siri. Picha nazo haziingii ndani ya faili. Inashika njia tu ya kufikia picha ilipo, basi ukiihamisha picha unaipoteza kwenye ukurasa. Nilijua hilo baada ya kupanga upya folda ya picha za harusi ya mdogo wangu. Na nakala ni juu yako. Programu ina sehemu ya kukukusanyia kila kitu katika faili moja la zipu, nami naifanya kila Ijumaa kabla ya sala. Flashi moja iko zidakani kwa mama, nyingine iko Mombasa kwa kakangu, hubadilishana kila mtu wetu akisafiri. Chumvi ya hapa inakula vyuma. Kibodi yangu nimeshaibadilisha mara mbili na laptopu usiku naifunika kanga, lakini flashi mbili katika miji miwili zinanipa usingizi.

Kisa kilichonifanya niandike leo ni cha wiki iliyopita.

Nilikuwa nimefika daftari la sita. Baba alihesabu miezi kwa Mfungo, yaani miezi ya Kiislamu inayohesabiwa tangu kwisha Ramadhani. Juu ya ukurasa ameandika Mfungo Pili 5, 1404, usiku wa Alhamisi. Maandishi ni haya: "Tumetoka Ndau na korija kumi na nne. Kusi la usoni. Maji yaanza kufa. Tumengojea Mkanda hata baada ya isha maji yakajaa tukapita. Usiku huu mtoto mume amezaliwa, nimeambiwa asubuhi bandarini. Alhamdulillahi."

Mkanda ni ule mlango mwembamba wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Mtoto mume yule ni kakangu, huyo wa flashi ya Mombasa. Nikachukua tarehe ile nikaigeuza kwa kompyuta, ikaniletea 2 Agosti 1984. Nikabonyeza siku hiyo kwenye kalenda, nikaanza kuandika. Kisha nikakumbuka kadi yake ya kliniki, nikaitafuta. Kadi inasema 1 Agosti. Nikatazama: 1 Agosti 1984 ilikuwa Jumatano, na baba anasema Alhamisi. Nikasema labda mwezi uliandama siku tofauti, au baba aliandika baadaye akachanganya. Niliandika pembeni, kwenye shajara, maneno ambayo sasa yananitia haya: "Hapa baba amekosea siku."

Mama alikuwa kiwandani anachambua mchele. Ananiona na laptopu mapajani, akaniuliza, "Waandikani?" Nikamsomea maneno ya baba, lote, na ile ya Mkanda na ile ya bandarini. Aliacha mchele. Hakuwahi kuyasikia, baba hakuwa akisomea watu daftari lake. Alikaa kimya nikadhani amehuzunika, kumbe anahesabu.

"Kakako alizaliwa baada ya isha," akasema. "Mkunga alikuwa ametoka kusali. Magharibi ikiingia Jumatano imekwisha, mwanangu. Ile ni usiku wa Alhamisi. Babako alipita Mkanda saa ile ile mimi niko kitandani."

Nikabaki nimeshika kibodi. Kadi ya kliniki inaanza siku saa sita ya usiku, kama inavyoanza kompyuta. Baba aliianza jua likizama. Wote wawili wameandika saa ile ile, na mimi, binti wa nahodha, niliyezaliwa nikisikia "usiku wa Ijumaa" kila Alhamisi jioni, ndiye niliyekuwa nimesahau.

Nilifuta maneno yangu ya pembeni. Nikahamisha maandishi ya baba kutoka siku ya 2 nikayatia siku ya 1, kwa sababu kalenda ya programu haina mlango wa magharibi, na juu yake nikaandika kama alivyoandika yeye, Mfungo Pili 5, usiku wa Alhamisi. Chini nikaongeza maneno ya mama, na tarehe ya leo aliyoyasema. Nikaweka #ndani. Mama akaniuliza hiyo alama ni ya nini, nikamweleza habari ya ndani na daka.

"Hii peleka dakani," akasema, akarudi kwenye mchele. Kisha akainua uso tena. "Na kakako mpigie kabla hujaipeleka."

Nimempigia jana. Alitaka nimsomee mara mbili.