Kiuno kinachouma na mwili unaoyumba

Sisi wanawake tunaolima mwani baharini tukikaa kuzungumza habari za kiuno, tunazungumza maumivu tu: yameanzia wapi, yanashuka mguu gani, nani ana mafuta mazuri ya kuchua. Kuyumba hatukutaji. Miye nimeishi na kiuno miaka mingi kabla binti mmoja wa mazoezi ya viungo hajaniuliza, "Mama, ukifumba macho unasimama sawasawa?"

Nikamwambia, mwanangu, hilo nalijua kwenye udhu. Nikishainama bombani nikafumba macho kuosha uso, mwili unakwenda mbele na mkono unatafuta ukuta wenyewe. Kuosha miguu ndiyo kazi zaidi, maana saruji imerowa na mguu uliobaki chini unatetemeka mpaka gotini. Siku hizi natawadha nimekaa kwenye kigoda. Umeme ukikatika usiku, natoka chumbani kwa kupapasa.

Alinieleza vizuri, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Mwili hujua umesimamaje kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa habari zinazotoka kwenye misuli, viungo na nyayo. Kiuno kikiuma muda mrefu, habari za mgongoni huvurugika, basi mtu huegemea zaidi macho na vifundo vya miguu. Mfumbe macho, au msimamishe juu ya kitu laini, utamwona anayumba. Si kila mwenye kiuno yuko hivyo, lakini wengi wamepimwa wakaonekana hivyo.

Kuna na jambo la misuli. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walionyesha kuwa mtu mzima wa afya akitaka kuinua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo hukaza kabla mkono haujaondoka. Ni kama kamba za mlingoti, hukazwa kabla tanga halijashika upepo. Kwa wenye maumivu ya kiuno msuli ule ulichelewa. Niliposoma hapo nilifikiri gunia la mwani mbichi linavyotolewa majini.

Maana angalia kazi yetu. Kilimo hiki cha mwani kimeingia huku Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989, na waliokianza wakiwa wasichana leo wana wajukuu. Bamvu likifika, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakikupwa, tunatembea juu ya mchanga unaodidimia, tunainama kwenye kamba tukifunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, moja baada ya moja, kichwa chini, mpaka maji yaanze kujaa. Halafu ndiyo unyanyuke na mzigo. Kiuno kimechoka, na vifundo ulivyokuwa ukivitegemea havina pa kushika, kwa kuwa chini ni laini. Wenzetu wanaanguka pale, watu wakasema ni uzee. Mimi sikubali kuwa ni uzee peke yake.

Mazoezi niliyopewa nayafanyia jikoni, karibu na fremu ya mlango ili nikiyumba nishike. Nasimama miguu pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine, kisha nainua mikono taratibu. Kufumba macho kulikuja mwisho, na mwanangu amesimama ubavuni. Maumivu hayajaondoka. Lakini nikitoka kwenye sijida kusimama, sijishiki tena ukutani, na hilo kwangu ni kubwa.

Tunafundishwa kuanika mwani, tunafundishwa kutengeneza sabuni. Nataka mafunzo hayo yawe na nafasi ya mwili wa anayelima: namna ya kunyanyuka na mzigo, namna ya kuzoesha miguu kusimama. Hayahitaji mashine.

Na shoga yangu unayesoma hapa, kama mguu unapoteza nguvu, au sehemu za siri na mapaja kwa ndani yamekufa ganzi, au mkojo huwezi kuuzuia au hautoki, hayo si ya kuchua wala ya mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama bamvu halijaisha.